Siku Mama Deo Alipotema

Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, Agripina alikunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, akauzamisha ndani ya gunia la kwanza. Hakuchota juu. Mkulima mjanja huweka alizeti kavu mdomoni mwa gunia na mbichi tumboni, naye alikuwa ameshakutana na wajanja wa kila namna. Mkono ulikwenda mpaka katikati, ukatoka na punje chache nyeusi, akazitia mdomoni zote kwa pamoja. Kisha akauma, na watu waliokuwa wamesimama na mizigo yao wakanyamaza ili asikie. Alizeti kavu ikiumwa hulia kama kijiti kinachovunjika. Mbichi hailii. Inanywea tu katikati ya meno kama kitambaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta cha mzee Mughwai, pale Mtinko. Mzee huyo alikuwa na mashine, mizani na sauti kubwa, lakini hakuwa na kifaa cha kupimia ukavu. Alikuwa na meno ya Mama Deo. Watu wengi walimwita hivyo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na utani wa pale kiwandani ulikuwa kwamba mashine ya kwanza ya Mughwai inakunywa chai na ya pili inakunywa dizeli.

Baada ya kuuma, kila mtu alimtazama mdomo. Akitema, mzigo ni mbichi, urudi ukaanikwe. Akimeza, umepita. Hakukuwa na mtu aliyeitunga sheria hiyo. Ilijizalia yenyewe, kwa sababu Agripina alilelewa na mama ambaye hakuruhusu mtu kutema alizeti kwenye uwanja wa kupuria. Binti aliyeonja punje uwanjani alitafuna na kumeza, ganda na kiini, kwa maana kutema mbele ya mavuno ilikuwa sawa na kuyatukana, na mavuno yakitukanwa, alisema mama yake, mwakani hayaji. Alipoajiriwa kwa Mughwai aliendelea vilevile. Alitema tu ile iliyooza au iliyojaa maji, ambayo hata ng'ombe angeikataa. Wakulima wakaisoma tabia yake kama watu wanavyosoma mawingu, na baada ya misimu michache hapakuwa na haja ya kusema neno. Mtu alikuwa anasimama kando ya gunia lake, amekaza macho kwenye koo la Agripina, na koo likishuka naye anashusha pumzi.

Mwaka ule mvua zilikuja vizuri na zikaondoka vizuri. Jua la kuanikia lilikuwa kali, turubai zilitandazwa kila ua, na mizigo iliyokuja kiwandani ilikuwa mikavu karibu yote. Mughwai alikuwa akitembea huku anaimba. Agripina alimeza asubuhi, akameza mchana, akameza jua likizama, gunia baada ya gunia. Maji hakunywa. Choo cha kiwanda kilikuwa kimetitia tangu masika, na mtu mzima kwenda kubisha hodi kwa majirani kila saa aliona ni aibu. Basi alikunywa kikombe chake cha chai alfajiri, na kingine usiku akirudi, na kati ya hapo ulimi wake ulikaa mkavu kama alizeti yenyewe.

Tumbo lilianza kumsumbua mwezi wa saba. Mwanzoni lilikuwa zito tu. Alikwenda chooni, akakaa, akarudi kama alivyokwenda. Akanywa maji ya ukwaju, akatafuna mizizi aliyopewa na jirani, akapata nafuu ya siku moja, kisha likajifunga tena na kuwa gumu chini ya kitovu. Chakula kikaanza kumshinda. Ugali wa mtama na mlenda, aliokuwa akiumaliza huku bado anaongea, sasa aliuzungusha kwenye sahani mpaka ukapoa. Kitenge alichokuwa akikifunga kwa mikunjo miwili kikaomba wa tatu. Halafu siku moja akaona damu.

Agripina hakujiuliza ile ni damu ya nini. Alijua. Dada yake Yunisi alianza hivyohivyo: tumbo gumu, chakula kukataliwa, damu, na waliompeleka hospitali walirudi naye wakiwa wameambiwa ni saratani ya utumbo, tena wamechelewa. Yunisi alizikwa mwaka juzi, kwenye mwinuko nyuma ya kanisa la kigango, na Agripina ndiye aliyemwosha. Basi alipoiona ile damu akasema moyoni kwamba kumbe zamu imefika. Akatoka, akanawa, akaenda kazini.

Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kupanga mambo. Jioni moja alikishusha kindoo chake chenye mfuniko, kile alichotunzia mbegu. Kila mwaka alichagua vichwa vya alizeti vilivyonona kuliko vingine, akavipura peke yake, mbali na vya kuuza, akazipepeta na kuzifungia. Mbegu ile ilitoka kwa mama yake, na alikuwa hajawahi kumkabidhi mtu. Aliipeleka jikoni, alikokuwa mkwewe Rebeka, mke wa Deo, akaiweka chini karibu na mafiga.

"Mwaka huu utapanda wewe," alimwambia. "Shamba la bondeni nalo ni lako. Mimi nimechoka."

Rebeka alikitazama kindoo, akamtazama yeye, akaitikia, "Haya, mama."

Alikuwa mtu wa maneno machache, huyu Rebeka. Tangu Deo amlete nyumbani, kisha yeye mwenyewe akarudi Dodoma kwenye gereji yake, wanawake hawa wawili waliishi pamoja bila kugombana na bila kuongea sana. Agripina hakukumbuka kama mkwewe aliwahi kumuuliza swali hata moja. Alifanya kazi, alisalimia, aliitikia. Wapo majirani waliosema ana kiburi. Agripina mwenyewe alidhani ni woga tu. Usiku ule alishukuru kwamba mkwe wake si mtu wa kuuliza.

Lakini asiyeuliza huona. Rebeka aliona sahani zinarudi na chakula. Aliona mikunjo ya kitenge. Alifua nguo, na katika nguo aliona kile ambacho Agripina alidhani amekifua kikaisha. Alikichukua kindoo cha mbegu akakitundika kwenye boriti ya jikoni, mahali ambapo panya hafiki, wala hakukifungua. Kisha akampigia mumewe simu.

Deo alipopiga nyumbani, mama yake alimjibu kwa ukali kwamba ni gesi, na kwamba vijana wa siku hizi wakisikia mtu amejamba wanaita gari la wagonjwa. Alikata simu akaona ameyamaliza. Asubuhi iliyofuata alipotoka na sweta yake, alimkuta Rebeka amekaa kwenye ngazi, amevaa gauni la kwenda kanisani, na mkoba mapajani.

"Mama, nimeshamwambia mzee Mughwai leo huendi," alisema Rebeka. "Gari la mjini linapita sasa hivi. Kitambulisho chako ninacho humu."

Agripina alifungua mdomo ili akatae. Alikuwa na sababu nyingi tayari, amezipanga tangu siku ya damu. Lakini macho ya Rebeka yalikuwa mekundu, na Agripina akaona kwamba msichana huyu hakulala. Akaingia ndani, akabadilisha kitenge, wakaondoka.

Hospitalini, Singida Mjini, walipokelewa na tabibu mmoja aitwaye Laurian, mwanaume mnene mwenye sauti ya upole, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kufungua faili. Alimuuliza mengi. Maumivu yalianza lini, damu ni ya rangi gani, kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua hivi. Alipotajiwa Yunisi, tabibu aliacha kuandika akamtazama, na Agripina akaona kila kitu kwenye mtazamo ule. Kisha akaulizwa anakula nini. Akataja ugali, mlenda, maharage, chai, viazi vitamu siku moja moja. Alizeti hakuitaja. Hakuwa anaficha. Kwake alizeti haikuwa chakula, ilikuwa kazi, na hakuna seremala anayeulizwa anakula nini akajibu misumari.

Akalazwa kitandani, akageukia ukutani, Rebeka akamshika bega. Tabibu alivaa glovu akampima. Ilikuwa aibu kubwa, na Agripina akafumba macho, akaanza kumwomba Mungu kimyakimya, si apone, bali ile kazi iishe haraka. Tabibu akanyamaza. Agripina aliwahi kuusikia ukimya kama ule kwenye chumba kingine, akiwa ameshika mkono wa dada yake.

"Mama," akasema tabibu hatimaye, "unakula alizeti?"

"Sili," alijibu Agripina, bado ametazama ukuta. "Napima."

"Unapima namna gani?"

"Kwa meno."

"Ukishapima, unatema?"

"Kama ni mbichi natema. Kavu nameza."

"Na maganda yake?"

Agripina aligeuza shingo. Swali lilimshangaza, kama mtu angemuuliza anakula ndizi na utamu wake. "Na maganda yake," akasema. "Utayatenganisha saa ngapi, watu wamejipanga?"

Tabibu Laurian alimwonyesha kipande cha shashi. Juu yake palikuwa na vipande vidogo vyenye ncha, vyeusi kwa vyeupe, vimeshikana kama udongo na nyasi kwenye tofali. Alizeti. Hata baada ya safari yote ile ilikuwa bado inatambulika.

Alimweleza pale pale, taratibu. Kiini cha alizeti ni chakula kizuri, kina mafuta na kinajenga mwili, na hata akila kila siku hakuna ubaya. Ganda ni jambo lingine. Ganda limetengenezwa kwa kitu kama ubao, na tumbo la mtu halina kitu cha kuyeyusha ubao. Mtu akimeza moja au mawili kwa bahati mbaya yanapita na kutoka kama yalivyoingia, wala hayamdhuru. Lakini akimeza mengi, tena hanywi maji, yanakutana njiani na kushikana, yanaziba, na ncha zake zinakwaruza ukuta wa utumbo mpaka unatoa damu. Alisema wapo watoto wanaoletwa hivyohivyo, tumbo kama ngoma, baada ya kutafuna alizeti za kukaanga pamoja na maganda.

Agripina akasema mashudu ya kiwandani yana maganda tele, na ng'ombe wanayala wananenepa. Tabibu akacheka, akamjibu jibu ambalo alilihifadhi, kwa kuwa alijua siku moja litamfaa.

Siku hiyohiyo walimchoma sindano ya usingizi wakayatoa yale maganda. Hakusimulia zaidi ya hapo kwa mtu yeyote, na Rebeka, aliyefua shuka zake, hakusimulia kabisa. Alipewa dawa ya kulainisha, akaambiwa maji ayanywe hata kama hana kiu. Kwa sababu ya habari za Yunisi, tabibu hakuishia hapo. Walimsubirisha tumbo lisafike, wakamwingiza mpira wenye taa wakaangalia ndani, na Agripina alisubiri jibu akiwa amekaa kwenye benchi, ameshika ukingo wake kwa mikono yote miwili. Tabibu alikuja mwenyewe. Akasema wameona mikwaruzo inayopona, uvimbe hawakuuona, ila kwa kuwa dada yake aliugua arudi kila anapoitwa, asisubiri damu.

Agripina akauliza kama ana hakika. Tabibu akarudia maneno yaleyale, neno kwa neno, bila haraka. Ndipo akamgeukia Rebeka ili aone kama na yeye amesikia, akamkuta ameinama, anatafuta kitu ndani ya mkoba ambacho ilionekana hakimo.

Alipumzika nyumbani mpaka mashavu yakarudi. Kitenge kikarudi kwenye mikunjo miwili. Mughwai alikuja kumwona na kuku mkononi, akamsimulia kwamba wakati hayupo yeye mwenyewe alijaribu kupima kwa meno, akavunja jino la nyuma na kupokea mzigo mbichi ulioziba mashine. Agripina alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akakumbuka kwamba tumbo haliumi, akacheka tena.

Alirudi kazini siku ambayo upepo wa kiangazi ulikuwa unapeperusha vumbi na mizigo ya mwisho wa msimu inaingia. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Amosi, mkulima mwenye mdomo, aliyekuja na mkokoteni wa ng'ombe tangu alfajiri. Agripina alikunja mkono wa sweta, akazamisha mkono, akatoa punje, akauma. Zililia vizuri. Akatafuta kiini kwa ulimi, akakitafuna. Kisha akainama, akatema maganda kwenye kiganja.

Foleni nzima ikaona.

Amosi alitazama kile kiganja kama mtu aliyesikia hukumu. Alikamata mdomo wa gunia akaanza kulifunga, na nyuma yake wawili wakaanza kunong'onezana kwamba kama ya Amosi imekataliwa, zao je.

"Unafunga nini?" Agripina akamuuliza.

"Si umetema, mama."

"Nimetema maganda. Mzigo wako mkavu. Mimina."

"Mkavu halafu unatema," alisema Amosi, ameshika kamba bado. "Mama Deo, mimi nimeanika hii alizeti juu ya turubai, nimeigeuza kama mgonjwa. Kama kuna ugomvi kati yetu sema hapa mbele za watu, usiseme na mate."

Watu wakacheka. Agripina alijua anaweza kusema neno moja tu, kwamba meno yanamuuma, na mambo yakaisha. Alikuwa amelifikiria neno hilo njia nzima. Lakini alitazama foleni akaona akina mama watatu wenye watoto mgongoni, na mmoja wa wale watoto alikuwa na punje mkononi, anaitafuna nzimanzima, ute mweusi unamshuka kidevuni.

Basi akawaambia. Hakuwaambia yote, ila aliwaambia kwamba maganda aliyoyameza kazini yalijikusanya tumboni mwake yakafunga njia, kwamba alitoka damu, na kwamba yeye mwenyewe alijua ni ule ugonjwa wa Yunisi na alikuwa ameshajiandaa. Aliposema Yunisi, watu waliacha kucheka. Wote walikuwa mazishini.

Mmoja wa wale akina mama alichomoa punje mkononi mwa mwanawe taratibu.

Amosi alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Mbona ng'ombe wangu wanakula mashudu na maganda yake," alisema, "na hawajawahi kupelekwa mjini?"

Jibu la tabibu lilikuwa tayari, limekaa kinywani tangu hospitali.

"Ng'ombe anacheua," alisema Agripina. "Wewe, Amosi, unacheua?"

Hapo hata Mughwai aliacha mizani akashika nguzo kwa kucheka. Amosi mwenyewe alicheka mwisho, akafungua gunia, akamimina. Tangu siku hiyo Mughwai aliweka bakuli la bati kando ya mlango kwa ajili ya maganda, na ndoo ya maji ya kunywa yenye kikombe, na choo akakichimba upya, ingawa alinung'unika kwamba meno ya Mama Deo yameanza kuwa na gharama kuliko dizeli. Mzigo mkavu Agripina aliupitisha kwa kupiga gunia kwa kiganja. Watu walichukua muda kuzoea. Wazee hasa waliendelea kumtazama koo, na wengine mpaka leo hawaamini kofi la gunia mpaka waulize.

Kuhusu mama yake alifikiri peke yake, wakati wa kupalilia mawazo, jinsi alivyoyaita matembezi yake ya kurudi nyumbani jioni. Mama aliona njaa, ndiyo maana hakutaka kitu kitemwe. Lakini hata yeye alipepeta. Kila mwaka alisimama uwanjani na ungo, akairusha alizeti juu, akaacha upepo uchukue makapi, na hakuna aliyesema anayatukana mavuno. Agripina aliona kwamba anachofanya sasa ni kupepeta kwa mdomo, na mama asingekuwa na neno.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki. Jioni moja alirudi akakuta ua umefagiliwa na jembe lake limeegemezwa ukutani, limenolewa, mpini umekazwa kwa kipande cha ngozi. Rebeka alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Kile kindoo cha mbegu, kilichokaa juu ya boriti tangu usiku ule, kilikuwa miguuni pake, na mfuniko bado umefungwa.

Agripina alimsalimia, akavuta kigoda kingine, akakaa. Rebeka alimchotea maji. Akanywa yote. Harufu ya udongo unaongoja mvua ilikuwa imeshaanza kupanda kutoka bondeni, na kuku walikuwa wanagombania mahali pa kulala. Rebeka alikipangusa kindoo vumbi kwa upindo wa kanga, ingawa hakikuwa na vumbi, akakisogeza kidogo, na bado hakukifungua.

"Mama," alisema, macho yake yapo kwenye mfuniko, "shamba la bondeni mwaka huu analima nani?"

"Nalima mimi," alisema Agripina.